Begi moja, wadaiwa wawili: bima ya safari inalipa nini mzigo ukipotea

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hukata bima ya safari kwa sababu moja tu: ubalozi umeitaka. Anayeomba viza ya Schengen lazima aoneshe cheti cha bima chenye kinga isiyopungua yuro 30,000, na kwa kuwa kinachotazamwa ni cheti, wakala wa bima huulizwa swali moja, "Ya bei ya chini kabisa ni ipi?" Cheti kinachapishwa, kinaingizwa kwenye faili pamoja na barua ya mwajiri na taarifa ya benki, basi. Hakuna aliyesoma kurasa zinazofuata.

Sasa zile yuro 30,000 ni za mwili wako: matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani ukiugua, au kusafirishwa maiti ikibidi. Kifungu cha kanuni za viza za Umoja wa Ulaya kinachodai bima hiyo hakitaji begi kabisa. Kampuni ikiongeza kinga ya mizigo imeiongeza kwa hiari yake, na kwenye bima za bei nafuu hiyo ndiyo sehemu inayopunguzwa, au inaachwa nje kimyakimya. Ndiyo maana unaweza kukuta watu wawili wamepanda ndege moja, wote "wana bima", begi la kila mmoja likapotea, mmoja akalipwa na mwenzake asipate hata senti.

Ila hata huyo ambaye bima yake haina neno la mizigo hajabaki mikono mitupu, kwa sababu begi lililokabidhiwa kaunta likipotea lina wadaiwa wawili. Wa kwanza ni shirika la ndege, ambalo linadaiwa kwa sheria, uwe na bima usiwe nayo. Wa pili ni kampuni ya bima, ambayo inadaiwa kwa mkataba uliousaini, na kwa yale tu yaliyoandikwa humo. Watu huwachanganya hawa wawili, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Anayeambiwa na kampuni ya bima kwamba kamera hailipwi hudhani habari ya kamera imekwisha. Haijaisha. Mdaiwa mwingine bado yupo.

Deni la shirika la ndege

Safari za ndege za kimataifa kati ya nchi nyingi duniani zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Tanzania na Kenya ni wanachama, na nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani na Falme za Kiarabu pia. Kabla yake ulikuwepo Mkataba wa Warsaw wa 1929, uliohesabu fidia kwa mizani: kilo moja ilikuwa na bei yake, hivyo kilo ishirini za kanga na kilo ishirini za suti mpya zilikuwa na kikomo kilekile. Montreal iliachana na mizani. Siku hizi kikomo ni cha abiria mmoja, haidhuru begi lake lina uzito gani au ana mabegi mangapi.

Kikomo hicho hutajwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho thamani yake hutokana na mchanganyiko wa dola, yuro, yuani, yeni na pauni. Kilianza kwa SDR 1,000 na hupandishwa mara kwa mara kufuata mfumuko wa bei. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, sawa na dola 2,000 za Marekani hivi, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na soko la siku hiyo. Angalia vizuri neno kikomo. Hiki ni kiwango cha juu kabisa, na unalipwa kadiri ya hasara unayoweza kuithibitisha. Begi likiwa na vitu vya dola 400, unadai dola 400.

Abiria anayebeba kitu cha thamani kubwa ana njia moja ambayo ni wachache wanaoijua: mkataba unamruhusu kutangaza thamani ya mzigo wake kaunta wakati wa kuukabidhi na kulipa ada ya ziada, na hapo kikomo kinapanda hadi thamani aliyotangaza. Mhudumu wa kaunta pengine atakukodolea macho, maana huenda hajaulizwa jambo hilo mwaka mzima, lakini limeandikwa.

Vipi familia zinazochanganya nguo, za baba kwenye begi la mama na za watoto zikajazwa panapobaki nafasi? Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliulizwa swali hilohilo katika kesi ya familia moja ya watu wanne waliosafiri na Iberia kutoka Barcelona kwenda Paris mwaka 2008 wakiwa na mabegi mawili, na yote mawili yakapotea. Hukumu ilitoka Novemba 2012: abiria ambaye vitu vyake vilikuwa ndani ya begi lililoandikishwa kwa jina la mwenzake katika safari hiyohiyo naye ana haki yake ya kudai, mradi athibitishe kwamba vitu hivyo vilikuwemo. Kwa hiyo vikomo vilikuwa vinne. Hukumu hiyo inazifunga mahakama za nchi za Umoja wa Ulaya tu, ila ni ya kuikumbuka kwa yeyote ambaye safari yake inaangukia huko.

Kuna kipengele kingine ambacho mashirika ya ndege hayakitangazi. Masharti ya tiketi nyingi yanasema shirika halihusiki na kompyuta, kamera, vito wala vitu vinavyovunjika vilivyowekwa kwenye begi la kaunta. Mfanyakazi wa madai atakunukulia sentensi hiyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala. Lakini Ibara ya 26 ya Mkataba wa Montreal inasema sharti lolote linalomwondolea msafirishaji wajibu wake, au kushusha kikomo chini ya kile cha mkataba, ni batili. Katika safari ya kimataifa shirika haliwezi kujivua hivyo kwa maandishi yake lenyewe. Linachoweza kusema ni kwamba wewe mwenyewe ulichangia hasara kwa uzembe, mathalani kuweka dhahabu kwenye begi la kaunta, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Kupunguziwa na kunyimwa ni mambo mawili.

Pamoja na hayo, shirika nalo lina pa kukimbilia. Halilipi kama kilichoharibu mzigo ni kasoro ya mzigo wenyewe, kama chupa ya asali iliyofungwa vibaya ikamwagika. Begi uliloingia nalo ndani ya ndege hulilipa pale tu kosa linapokuwa lake. Na kwa mzigo uliochelewa, linaweza kujitetea kwamba lilichukua kila hatua iliyowezekana kuzuia kuchelewa huko.

Bima: namba ya ukurasa wa kwanza na hundi ya mwisho

Upande wa bima mambo ni kinyume. Kinga yake inafika pasipofika shirika la ndege, kama hotelini, kwenye teksi, au mtaani unapoporwa na mwizi aliyepanda pikipiki. Lakini orodha ya vitu inavyokubali kulipia ni fupi kuliko msafiri anavyodhani, na ile namba iliyoandikwa kwa wino mzito ukurasa wa kwanza hupita kwenye machujio kadhaa kabla ya kugeuka fedha mkononi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Bi Mwanahamisi anatoka Dar es Salaam kwenda Stockholm kwenye harusi ya binti wa kaka yake. Bima yake inasema mizigo inalindwa hadi dola 1,500. Ndani ya masharti imeandikwa kwamba kitu kimoja hakilipwi zaidi ya dola 250, kwamba vito na vifaa vya elektroniki vinalindwa pale tu vikiwa mkononi mwa msafiri, na kwamba dola 50 za kwanza za kila dai anazibeba mwenyewe. Begi lake halikufika. Alichokuwa nacho humo ni nguo na viatu vya dola 600, gauni jipya la harusi la dola 350, kamera ya dola 500, mkufu wa dhahabu wa dola 400, sabuni na mafuta vya dola 60, vitenge vya kuuza vya dola 240, bahasha ya dola 200 taslimu, na begi lenyewe alilolinunua miaka minne iliyopita kwa dola 120. Jumla dola 2,470. Anajiambia: sawa, angalau zile 1,500 nitazipata.

Fedha taslimu zinatoka kwanza, maana mikataba mingi haizihesabu kama mizigo. Kamera na mkufu vinafuata, kwa sababu vilikuwa tumboni mwa ndege. Vitenge vinatoka kwa kuwa ni bidhaa, na kinga ya mizigo ya msafiri ni ya vitu vyake binafsi. Hapa wafanyabiashara wetu wa Guangzhou, Dubai na Istanbul wasikie vizuri: pea arobaini za viatu kwenye mabegi mawili si mizigo binafsi hata kama umelipia tiketi na kilo za ziada, na dawa yake ni bima ya mizigo ya biashara, ambayo ni bidhaa tofauti kabisa.

Zimebaki dola 1,130. Sasa uchakavu. Bima ya aina hii inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, na kabla ya hasara ulikuwa na viatu vilivyokwishavaliwa. Nguo za 600 zinaweza kuhesabiwa 400, na begi la miaka minne likawa 60. Gauni ni jipya na risiti ipo, lakini linagonga ule ukomo wa kitu kimoja na kubaki 250. Sabuni na mafuta 60. Jumla 770, toa zile 50 za kubeba mwenyewe, zinabaki 720. Na kama siku ya pili alikwishalipwa dola 150 kununua nguo za dharura, mikataba mingi huzikata kwenye malipo ya mwisho. Anaondoka na dola 570.

Hakuna aliyemdhulumu. Yote yameandikwa. Lakini hapo ndipo mdaiwa wa kwanza anaporudi mezani: kamera, mkufu na vitenge, jumla ya dola 1,140 zilizokataliwa na bima, anaweza kuzipeleka kwa shirika la ndege chini ya Montreal, pamoja na pengo la gauni. Atabishana nao kuhusu uzembe wa kuweka dhahabu chini, nao pia wataangalia uchakavu, na kile alicholipwa na bima hatakidai mara ya pili. Bahasha ya fedha ataisahau tu, maana kuthibitisha noti zilizokuwa ndani ya begi ni kazi ngumu popote. Hata hivyo hesabu yake imebadilika sana ukilinganisha na mtu aliyesoma barua moja ya bima akakata tamaa.

Kuna jambo jingine kwenye mabegi yetu ambalo watunga bima hawakulifikiria: mizigo ya watu. Ni nani anayetoka Muscat au London kuja nyumbani bila simu ya mjomba wa jirani, dawa za mama wa mtu na gauni la mtoto wa rafiki? Kinga hulinda mali ya mwenye bima. Simu ya mjomba wa jirani si yako, na ukiandika kwenye fomu kwamba ni yako umeliweka dai lako lote hatarini, kwani udanganyifu kwenye kipengele kimoja huipa kampuni sababu ya kukataa vyote.

Kwa wizi, ugumu uko kwenye neno uangalizi. Begi uliloliacha kwenye kiti ukaenda kuagiza kahawa, au kwenye siti ya nyuma ya gari linaloonekana dirishani, huhesabiwa limeachwa bila mtu, na mikataba mingi hailipi. Kampuni pia hutaka taarifa ya polisi wa mji uleule, mara nyingi ndani ya saa 24. Ukirudi Kariakoo ndipo ukatafute kituo cha polisi cha kuripoti wizi wa Barcelona, umechelewa.

Begi lililochelewa

Mabegi mengi yanayokosekana kwenye mkanda hayajapotea. Yamebaki Addis Ababa, Doha au Istanbul kwa sababu muda wa kubadili ndege ulimtosha abiria lakini haukulitosha begi. Bima huwa na kipengele cha mzigo uliochelewa, ambacho huanza kufanya kazi baada ya saa fulani kupita, aghalabu 12, nyingine 6, nyingine 24. Kinacholipwa ni vitu vya lazima: chupi, shati, mswaki, dawa. Suti ya chapa kubwa utaulizwa kwa nini ilikuwa ya lazima, isipokuwa kama kweli ulikuwa na kikao au harusi kesho yake na una kadi ya mwaliko ya kuonesha. Risiti ni za lazima, na mikataba mingi huhesabu safari ya kwenda tu. Begi likichelewa wakati unarudi kwako, wanasema una kabati nyumbani.

Shirika la ndege nalo linadaiwa gharama hizo za kuchelewa, ndani ya kikomo kilekile cha SDR 1,519. Baadhi hutoa fedha kidogo papo hapo kaunta, lakini lazima uulize, hawakufuati.

Karatasi ya kaunta

Wadaiwa wote wawili watakuuliza karatasi moja, na karatasi hiyo hupatikana kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo. Ni ripoti ya mzigo wenye hitilafu, ambayo wafanyakazi wa viwanja huiita PIR. Mhudumu atakutolea kadi yenye picha za maumbo ya mabegi na rangi zake, akuombe uoneshe linalofanana na lako: gumu au laini, magurudumu mawili au manne, zipu au kufuli. Ndiyo maana picha ya begi kwenye simu, uliyoipiga asubuhi kabla ya kuondoka, ina thamani kuliko maelezo ya "jeusi, la kawaida". Atahitaji pia kile kibandiko kidogo chenye tarakimu kumi ulichopewa wakati wa kukabidhi mzigo. Mwisho unapata namba ya ripoti inayoanza na herufi tatu za kiwanja na mbili za shirika. Kwa namba hiyo begi linatafutwa kwenye mtandao wa kompyuta unaotumiwa na mashirika mengi duniani.

PIR si dai. Hili huwaponza wengi, maana wanaondoka kaunta wakiamini wameshalalamika. Malalamiko lazima yaandikwe na kupelekwa kwa shirika, na Montreal imeweka saa yake. Begi lililofika limevunjika au limepunguzwa vitu: siku 7 tangu ulipolipokea. Lililochelewa: siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Siku hizo zikipita bila barua, hakuna kesi, isipokuwa kama shirika lilifanya hila. Begi ambalo halijafika baada ya siku 21 tangu lilipotakiwa kufika linahesabiwa limepotea, nawe unaweza kudai thamani yake, ingawa masharti ya mashirika huweka muda wao wa kuleta orodha ya vitu. Bima ina saa yake nyingine, iliyoandikwa kwenye mkataba, na mara nyingi ni fupi kuliko hizo. Fungua madai yote mawili wiki ileile na uiambie kampuni ya bima waziwazi kwamba shirika nalo unalidai. Itakuomba barua inayoonesha shirika limelipa nini na limekataa nini.

Ukiwa umebadilisha ndege za mashirika mawili kwa tiketi moja, unaweza kumdai wa kwanza, wa mwisho, au yule ambaye begi lilipotelea mikononi mwake. Wakikurushiana kama mpira, anza na wa mwisho, kwani ndiye aliyeandika PIR.

Barua ya shirika ikija na fedha, soma mstari wa mwisho kabla ya saini. Mara nyingi unasema unakubali kiasi hicho kuwa fidia kamili na hutadai tena. Ukisaini, umejifungia mlango wa salio, na unaweza pia kuiudhi kampuni ya bima, kwa sababu ikishakulipa huwa na haki ya kusimama mahali pako na kulidai shirika. Wapelekee nakala kwanza. Bima ikikataa dai kwa sababu usiyoiona kwenye mkataba, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na mamlaka ya usimamizi, TIRA. Kenya malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya bima ya huko, IRA. Na kwa shirika la ndege, mlango wa mahakama unabaki wazi miaka miwili tangu siku ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika. Usihesabu kwamba barua pepe za "tunaendelea kulishughulikia suala lako" zitasimamisha muda huo.